Mwaka wa Herufi O

Ami Suleiman amekufa, na tangu siku hiyo watu wanamsifu kwa sifa ambazo akiwa hai hakuna aliyethubutu kumpa. Habari ilinifikia nikiwa kazini, kupitia grupu la simu la Watanzania wa Silver Spring, lile ambalo siku za kawaida ni la kuuziana madera na kuulizana nani anakuja kutoka nyumbani alete dagaa. Watu walipanga mikono ya dua mstari baada ya mstari, kisha mmoja akaandika, “Tumempoteza muungwana.” Niliiweka simu mezani kifudifudi. Muungwana! Angelipenda neno hilo kuliko maua yote yaliyopelekwa nyumbani kwake. Alilitafuta maisha yake yote, na imebidi afe ndipo mtu asiyemjua vizuri ampe bure. Hitma ilitangazwa kuwa ni Jumapili baada ya adhuhuri. Kwa siku tatu nilijiuliza kama niende, nikaandika ujumbe wa rambirambi mara kumi na moja na kuufuta mara kumi na moja, kwa sababu kila sentensi ilikuwa ama ya uongo ama ya matusi. Mwishowe nilituma “Poleni sana,” nikachukua nusu saa kuamua kama niweke nukta.

Nina miaka thelathini na moja. Najua si umri wa kuandika kumbukumbu, lakini mwaka niliokaa nyumba ile nimeurudia kichwani mara nyingi hata naona kama nimeuishi mara saba, mara moja kwa kila mwaka uliopita tangu hapo. Nilivyofika Marekani, na nani alinijulisha kwa nani, si hadithi ya hapa. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza shahada ya isimu, kwamba nilikuwa na kazi ya mwaka mmoja kwa profesa wa chuo kimoja upande wa Virginia, na kwamba Bi Zuhura, mke wa Ami Suleiman, aliniambia kwenye simu, “Mwanangu, chumba kipo, hakuna mtu ndani ila mashine ya maji moto.” Kilikuwa chini ya nyumba. Mashine ilisimama pembeni ya kitanda ikikoroma kama mgeni aliyekataa kuondoka. Dirisha lilikuwa juu karibu na dari, dogo, likaniletea viatu vya wapita njia na, theluji ilipoanguka, halikuniletea kitu. Lakini juu ya kitanda palikuwa na tundu la hewa ya moto lililopanda moja kwa moja hadi jikoni, na kwa njia hiyo nilisikia maisha yote ya nyumba: vitunguu vikiingia mafutani, Bi Zuhura akimsema samaki wa barafu kwamba hana ladha wala haya, na Ami Suleiman akizungumzia asili yake.

Alizungumzia asili yake kama wengine wanavyozungumzia mgongo. Sebuleni alitundika shajara ya ukoo kwenye fremu ya dhahabu, majina kwa wino wa kijani, matawi yakipanda kutoka Unguja mpaka Oman na kutoka Oman mpaka mahali ambapo ni aibu kuuliza. Aliitengenezesha duka moja la kompyuta huko Dubai, na mara mbili katika mwaka niliokaa pale iliteremshwa, ikasafirishwa, ikarudi na tawi ambalo mwanzo halikuwepo. “Sisi,” alikuwa akisema, akinyoosha kidole cha shahada kwenye kioo, “hatukuokotwa njiani.” Mimi aliniita Profesa, kwa kejeli, kwa sababu nilikuwa mtu wa Tanga niliyesoma kupita kiasi alichoona kinamfaa mtu wa Tanga. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayetia sahihi hati.

Kazi yake ilikuwa kusimamia maegesho ya magari chini ya jengo la ofisi katikati ya mji. Siku moja alisahau simu yake nyumbani, na Bi Zuhura akanituma nimpelekee. Nilimkuta kasimama kwenye kibanda cha kioo, koti jekundu la kampuni, jina lake limefupishwa kifuani kuwa Solly. Gari liliingia, akashuka kijana wa Kizungu mwenye umri wangu, akarusha ufunguo hewani bila kugeuka, na Ami Suleiman, wa Oman na wa kwingineko, akaudaka kwa mikono miwili na kusema “Yes, boss” kwa furaha kabisa. Kisha akaniona. Alichukua simu, hakunishukuru, na jioni ile alihutubia kuhusu asili kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mtu mwingine angemhurumia. Mimi nilimdharau, na nilijipongeza kwa kuwa na sababu.

Profesa wangu nilimdharau kwa njia nyingine, ya adabu zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyetia sahihi karatasi zangu za ukaazi. Alikuwa na ndevu zilizokatwa kama ua wa bustani, na bibi yake alitoka Finland, jambo lililomfanya ajione mmiliki wa lugha nzima ya Kifini. Alikuwa akitunga kamusi ya maneno ambayo Kifini kiliyaazima kutoka lugha nyingine. Wasaidizi tuligawiwa herufi. Mmarekani mmoja alipewa K, ambayo ni bahari. Mimi nilipewa O. “Ni ndogo, itakutosha,” aliniambia, kisha akaongeza kwamba lugha yangu mimi ni mchanganyiko mzuri sana, akitabasamu kama anayesifu kachumbari. Basi kila siku nilitoka Silver Spring kwa treni, nikabadili treni katikati ya mji, nikamalizia kwa basi, ili niende kukaa na sanduku la kadi za herufi O na kuhakikisha kila aliyenukuliwa alisema kweli alichonukuliwa kusema. Usipokuwa na wasiwasi kazi hiyo itakuua. Mimi ilinifaa mno.

Humo ndimo nilimokuta *orja*. Kwa Kifini ni mtumwa. Wachimbuaji wa maneno wengi wanaliona kuwa neno la kuazima, la zamani kabla ya maandishi, lililotoka kwa watu wa nyika za kusini waliokuwa wakijiita *arya*, jina ambalo kwao lilikuwa na maana ya sisi wenyewe, wenye asili, kwa Kiswahili ningesema waungwana. Jina la waungwana likafikaje kuwa jina la watumwa? Maelezo yanayopendwa ni kwamba watu wa misituni waliwateka baadhi ya hao watu wa nyikani, wakawafanyisha kazi, na wakaendelea kuwaita kwa jina walilojiitia. Wapo wasiokubali; kadi yangu ilikuwa na wapinzani wawili na alama ya kuuliza ya penseli. Lakini siku niliyoisoma sikutaka kusikia wapinzani. Nilimwona Ami Suleiman na fremu yake ya dhahabu, na nilimwona Solly akidaka ufunguo, na nikacheka peke yangu kwenye chumba cha vitabu hata Mmarekani wa herufi K akaniuliza kama niko salama.

Sasa Salma. Alikuwa binti yao pekee, amezaliwa huku huku, alipokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa kama watu wawili wanaorushiana mpira mmoja kwa mguu, mwingine kwa mkono. Alishuka chumbani kwangu karibu kila jioni baada ya chakula, akakaa kwenye kitanda changu na kuupa mgongo ule mtambo unaokoroma, na alichozungumza ni Omari. Omari alikuwa fundi wa lifti. Alikuja kutengeneza lifti ya jengo la kliniki ikiwa imemfungia Salma ndani pamoja na bibi mmoja mwenye meno ya bandia mkononi, na kabla mlango haujafunguka alikuwa amewachekesha wote wawili kupitia upenyo. Alitoka Pangani, mkoani kwetu. Nilimpenda mara moja, nami si mtu wa kupenda watu mara moja. Siku moja tulikaa kwenye benchi la stesheni tukimsubiri Salma, na katika maongezi akanieleza, bila kushusha sauti, kwamba mama wa babu yake alikuwa mtu wa kununuliwa. “Akaachwa huru, akapata kiwanja, akapanda minazi yake mwenyewe,” alisema. “Babu akitaka kutukemea hasemi mengi. Anatuonyesha tu: huu mnazi unajua kapanda nani?” Alilisema kama mtu anayekuonyesha picha nzuri kutoka pochini. Mimi nililiweka kama kadi.

Posa ilikuja mwezi wa tatu, kwa barua yenye heshima zote, ikaletwa na wazee wawili wa msikitini. Ami Suleiman hakukataa wala hakukubali, alisema atauliza. Salma alishuka usiku ule ule akiwa amekunja mikono kwapani kama mwenye baridi. Aliniambia kwamba yeye si mtoto, anajua sheria za nchi hii, anaweza kwenda mahakamani na Omari kesho wakapewa cheti. “Lakini siolewi bila baba yangu kukaa pale,” alisema kwa Kiingereza chake, na alimaanisha pale kwenye mkeka, kama walii wa kumwozesha, mkono wake mkononi mwa Omari. “Akisema hapana, ni hapana. Basi.” Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya kuuliza huko, na kuuliza huko, kwa kuwa katika mji mzima hakukuwa na mtu mwingine wa Tanga aliyeingia nyumba ile, kulikuwa ni mimi.

Watu wetu wa pwani wanaijua desturi hii. Posa ikifika, hutafutwa mtu anayetoka kwao kijana, akaulizwa: wale unawajua? Nilidhani huo ni utafiti. Siku ya Ijumaa nilikuwa jikoni nikimchagulia Bi Zuhura mchele, na yeye alikuwa akikuna nazi kwa mashine iliyopiga kelele kupita ya chumbani kwangu. Aliizima ghafla.

“Jumapili Ami yako atakuuliza habari za watu wa Pangani.”

“Lakini, Bi Zuhura, siwajui kwa undani.”

“Nani anamjua mtu kwa undani? Mimi nimelala na Suleiman miaka thelathini. Utamwambia unawajua, ni watu.”

“Ni watu gani?”

Alinitazama kama nimemwaga kitu. “Ni watu, Rehema. Nawajua, ni watu. Ukishasema hivyo kula wali wako.” Akawasha mashine.

Mtu mwenye akili ya kawaida angeelewa kwamba nimeshikishwa ufunguo. Mimi nilielewa kwamba ninaombwa kudanganya, na nikashinda Jumamosi nzima nikiupima uongo huo kwa kila mizani niliyofundishwa. Je, kusema “ni watu” na kunyamaza si kukubali kwamba yapo ya kufichwa? Je, si kuisaliti ile minazi? Je, Ami Suleiman aachwe na ujinga wake hivi hivi, wakati mimi ninayo mfukoni dawa ya ujinga huo, tena yenye marejeo? Nilijitungia hotuba. Niliifanyia mazoezi nikitembea hadi maktaba na kurudi, midomo ikicheza, na mama mmoja mwenye mbwa akavuka barabara kunikwepa. Nikisema ukweli wote leo, lazima niseme pia kwamba sikuwa nikimfikiria Salma. Nilikuwa nikiufikiria uso wa Ami Suleiman nitakapomaliza.

Jumapili tulikaa chini kuzunguka sinia, pilau ya mbuzi, kachumbari, ndizi mbivu pembeni. Ami alikula kwa utaratibu wake, akichambua karafuu kutoka kwenye wali na kuzipanga ukingoni mwa sinia mbele yake, moja moja, kama askari. Salma alikuwa jikoni akichelewa makusudi. Bi Zuhura alinisogezea mnofu mzuri. Kisha Ami akafuta vidole.

“Haya Profesa. Wewe mtu wa huko. Hawa watu wa Pangani unawajua?”

“Nawajua, Ami,” nilisema, na hapo nilipaswa kutia tonge kinywani. “Ila kabla sijakujibu naomba nikueleze neno moja la Kifini.”

“La wapi?”

“Kifini. Finland.”

“Haya,” alisema Ami Suleiman, akimtazama mkewe. “Leo tunasafirishwa.”

Mkono wa Bi Zuhura ulikuwa umesimama juu ya wali. Nilieleza. Nilieleza watu wa nyika na watu wa misitu, nikaeleza *arya* na *orja*, nikawataja hata wapinzani wawili kwa kuwa nilitaka haki itendeke. Nilisema kwamba hakuna jina la uungwana ambalo halikuwahi kuwa la utumwa mdomoni mwa mtu mwingine, kwamba yote ni suala la nani alimteka nani, na nilipofika hapo niliitazama shajara ukutani, nikahakikisha ameona ninaitazama. Sikuridhika. Hotuba ilihitaji mfano, nami nilikuwa na mfano. Nikamweleza mama wa babu yake Omari, aliyenunuliwa, aliyeachwa huru, aliyepanda minazi. “Sasa hapo, Ami,” nilimalizia, “muungwana ni nani?”

Alipanga karafuu nyingine. Hakukasirika. Hilo ndilo ambalo sikuwa nimelifanyia mazoezi.

“Kwa hiyo mzaa babu yake alikuwa mjakazi.”

“Ami, ninachosema mimi, neno lenyewe...”

“Neno nimelisikia. Mimi nimeuliza watu.” Akaniwekea mkono begani, mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, na akasema kwa upole uliotoka moyoni, “Ahsante, mwanangu. Wengine wangenificha. Umesoma, na kusoma kumekufaa.”

Salma alikuwa mlangoni na jagi la maji. Sijui alisimama tangu neno gani. Alilitaja jina langu mara moja, bila kuuliza wala kulaumu, kama mtu anayesoma jina kwenye barua iliyoletwa nyumba isiyo yake, akaliweka jagi chini taratibu na kupanda ghorofani. Ami Suleiman aliyamimina maji mwenyewe, akaninywesha mimi kwanza.

Barua ya kukataa iliandikwa wiki ile. Omari alihamia jimbo jingine mwezi wa tano, huko nako kuna lifti. Kabla ya kwenda alinitumia ujumbe mmoja ambao hata leo siwezi kuufuta wala kuujibu: “Ile habari ya bibi nilikupa wewe.” Salma hakushuka tena chumbani kwangu. Kupitia tundu la hewa nilisikia vyombo vikioshwa na hakuna anayesema, mpaka siku moja Bi Zuhura, akijua vizuri kabisa tundu lile linaishia wapi, akazungumza na masufuria. “Nilimpa maneno mawili,” alisema. “Mawili tu. Kasoma maherufi yote hayo, maneno mawili yakamshinda.” Mwezi wa sita nilihama kwenda Takoma Park, kwenye chumba kisicho na tundu. Kwenye idara yetu nilisoma mada kuhusu *orja* mbele ya watu kumi na wanane waliokula jibini na kupiga makofi. Mmoja alisema imemgusa. Profesa alinishukuru kwenye utangulizi wa kamusi, katika orodha, na jina langu likiwa limekosewa. Nilistahili hata chini ya hapo.

Jumapili nilikwenda. Nilivaa baibui, nikashuka kwenye treni stesheni moja kabla ili nitembee na nipate muda wa kubadili mawazo, sikubadili. Wanaume walikuwa wakisoma chini, kwenye chumba changu cha zamani, na sauti zao zilipanda kwa tundu lile lile hadi jikoni. Wanawake tulikaa sebuleni na misahafu iliyogawanywa majuzuu. Shajara ilikuwa pale pale, imeongezwa matawi mengine mawili. Nilimsalimu Bi Zuhura, akanishika mkono na kuniambia nimekonda. Salma alikuwa akiwahudumia watu, mtandio mweupe, mikono yake imekuwa kama ya mama yake. Watu walinieleza bila kuulizwa kwamba ndiye aliyemwuguza baba miaka miwili, kumwogesha na kumlisha, kwamba hakuolewa, kwamba binti wa siku hizi hapatikani kama huyo. Nilisoma juzuu langu. Nilikosea mistari.

Dua ilipokwisha, na sambusa zikapita, mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu alinigeukia. Alikuwa mtu wa Mombasa, mama wa makamo, sijawahi kumwona. “Aliniambia Bi Zuhura wewe watoka Tanga,” alisema. “Kijana wangu ashikilia msichana wa huko, kwao ni Chumbageni. Kina Mbaruku. Wawajua?”

Kina Mbaruku wa Chumbageni sikuwahi kuwasikia. Kichwani mwangu, kwa mazoea, kadi zilianza kupangika: wapo kina Mbaruku wangapi, neno lenyewe limetoka wapi, nani nimpigie kuuliza. Nikaona kivuli kikisimama mbele yetu. Salma alikuwa na birika la kahawa na trei ya vikombe vidogo, anasubiri mama huyu ainue mkono.

“Nawajua,” nilisema. “Ni watu.”

“Ni watu?”

“Ni watu, mama.”

“Basi alhamdulillahi,” alisema yule mama, na mabega yake yakashuka, akapokea kikombe chake na kuanza kunieleza habari za ukumbi.

Salma akamimina cha kwangu. Alikijaza nusu, kama inavyotakiwa, akanipa kwa mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinisemesha kwa Kiswahili.

“Kumbe unaweza,” alisema, akamwendea aliyefuata.